Gubernia ya Kazan

Gubernia ya Kazan ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ya Dola ya Urusi. Iliundwa 1708, ikavunjwa 1920, na makao yake makuu yalikuwa mji wa Kazan, mahali ambapo mto Volga unageuka kuelekea kusini na, mbele kidogo, kupokea maji ya mto Kama. Hesabu ya watu ya 1897 ilikuta wakazi 2,170,665. Kati yao Warusi walikuwa takriban asilimia 38, Watatari asilimia 31, Wachuvashi asilimia 23 na Wamari kati ya asilimia 5 na 6. Mkoa uliotawaliwa kwa Kirusi na kuendeshwa kwa kalenda ya kanisa la Kirusi haukuwa na Warusi hata nusu ya watu wake. Mengi katika historia ya utawala wake hayaeleweki bila hesabu hiyo.

Kabla ya Warusi, Kazan ilikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kiislamu wa Watatari uliotawaliwa na makhani. Tsar Ivan IV alijaribu kuuteka mara kadhaa akashindwa, sababu mojawapo ikiwa umbali: jeshi lake halikuwa na mahali pa kuweka chakula na baruti. Mwaka 1551 akapata njia. Ngome ya mbao ilijengwa mbali juu ya mto, katika nchi ya Uglich, magogo yakatiwa alama moja moja, ngome ikabomolewa na kuteremshwa kwa maji ya Volga. Kwenye kilima kinachotazama mdomo wa mto Sviyaga iliunganishwa upya kwa muda wa kama wiki nne. Hiyo ndiyo Sviyazhsk. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Oktoba 1552 kwa kalenda ya zamani, Kazan ikaanguka. Kwa zaidi ya miaka 150 baadaye nchi hiyo ilisimamiwa kutoka Moscow na idara iliyoitwa Kasri la Kazan, huku makamanda wa tsar wakikaa ngomeni na kukusanya kodi.

Gubernia yenyewe ni kazi ya Petro I. Akiwa vitani na Uswidi na mwenye haja kubwa ya fedha na askari, alitoa amri tarehe 18 Desemba 1708 kuigawa nchi yake yote katika mikoa minane. Gubernia ya Kazan ya wakati huo ilikuwa kubwa kupita kiasi: ilishika Volga kutoka kati hadi Astrakhan kwenye Bahari ya Kaspi, na upande wa mashariki ikafika Ufa. Gavana wa kwanza alikuwa Pyotr Apraksin. Ukubwa ule haukudumu. Astrakhan ilitengwa 1717 na Nizhny Novgorod kwa mara ya mwisho 1719, na mwaka huohuo eneo lililobaki likagawanywa katika majimbo madogo ili angalau kodi iweze kufuatiliwa.

Kodi ilitozwa kwa kichwa cha kila mwanamume, awe mzee au mtoto mchanga, na jina likishaandikwa kwenye daftari la sensa kijiji kililipa hata kama mwenyewe amekufa, mpaka sensa nyingine ije. Pamoja na kodi kulikuwa na kazi ya mbao. Mwaka 1718 kilianzishwa Kazan kiwanda cha kujenga meli, na Watatari pamoja na makabila mengine ya Volga wakapewa wajibu wa kukata mialoni ya jeshi la majini. Waliitwa walashmani. Walipelekwa msituni wakati wa baridi, na miti mizito ikaburutwa juu ya theluji hadi ukingoni, kungojea barafu iyeyuke mto uibebe. Familia zao zilibaki na jina hilo na mzigo huo hadi 1860, na ni vigumu kutaja wajibu mwingine wa serikali uliochukiwa kiasi hicho katika vijiji vya Watatari.

Siasa ya dini ilikuwa kali vilevile. Kwa amri ya 1713 mabwana wa Kitatari wenye watwana Wakristo walipewa miezi sita wabatizwe au wanyang'anywe mashamba na watu wao. Katika miaka ya 1740 ofisi maalumu ya kusimamia waliobatizwa karibuni ilibomoa misikiti 418 kati ya 536 iliyokuwapo katika wilaya ya Kazan. Waliokubali ubatizo walisamehewa kodi kwa muda, na deni lao likahamishiwa kwa majirani waliokataa, mpango uliogombanisha vijiji na kuacha uhasama wa muda mrefu.

Katarina II alibadili mkondo. Alitembelea Kazan 1767, akawaruhusu Waislamu wajenge misikiti ya mawe, na wa kwanza, unaojulikana leo kama Msikiti wa Marjani, ulikamilika 1770. Amri ya kuvumilia dini zote ikafuata 1773. Haikuzuia mlipuko. Tarehe 12 Julai 1774 waasi wa Yemelyan Pugachev, miongoni mwao wakulima, Wakozaki, Wabashkiri na Watatari, waliingia mjini na kuuchoma sehemu kubwa. Kilichosalimika ni ngome ya juu na walioikimbilia, hadi jeshi la serikali chini ya Michelson lilipofika. Uasi huo uliifundisha serikali kwamba nje ya miji haikuwa na watumishi wa kutosha hata wa kuipelekea habari.

Jibu lilikuwa sheria ya mikoa ya 1775, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa utawala wa Kirusi hadi mwisho wa dola. Kila mkoa ulipaswa kuwa na wanaume kati ya 300,000 na 400,000 wa kulipa kodi, na kila wilaya kati ya 20,000 na 30,000. Ramani ikachorwa kwa hesabu hiyo. Vyatka, Simbirsk na Penza zikawa mikoa ya peke yake 1780, na Kazan ikapangwa upya 1781. Baada ya marekebisho ya Tsar Paulo na mrithi wake, zilibaki wilaya 12 ambazo hazikuguswa tena hadi mapinduzi: Kazan, Laishev, Mamadysh, Sviyazhsk, Spassk, Tetyushi, Chistopol, Cheboksary, Tsivilsk, Yadrin, Kozmodemyansk na Tsarevokokshaisk.

Gavana aliteuliwa na tsar na kuwajibika kwake, ingawa kwa kazi za kila siku alikuwa chini ya wizara ya mambo ya ndani. Chini yake lilikuwapo baraza la gubernia lililotangaza amri na kusimamia polisi. Chemba ya hazina ilishika kodi, na idara ya hisani iliendesha hospitali na nyumba za maskini. Wilayani mkuu wa polisi alichaguliwa na makabaila wa hapo hadi miaka ya 1860. Palipokosekana makabaila, mpango huo ulilegea, na katika wilaya za Wachuvashi na Wamari mabwana wenye ardhi walikuwa wachache sana. Wakulima wengi wa gubernia hii walikuwa wa serikali, bila bwana binafsi. Uso wa dola kwao ulikuwa mkuu wa tarafa, naye aliyekuwa na nguvu hasa mara nyingi alikuwa karani wake, kwa sababu ndiye aliyejua kusoma barua za Kirusi.

Mjini hali ilikuwa tofauti. Wafanyabiashara wa Kitatari walikuwa na baraza lao la mji tangu miaka ya 1780 hadi 1855, likisimamia mitaa yao na kesi zao ndogo. Chuo Kikuu cha Kazan kilianzishwa 1804, na mwanahisabati Nikolai Lobachevsky alikiongoza kuanzia 1827 hadi 1846. Herufi za Kiarabu zilianza kupigwa chapa mjini mwanzoni mwa karne ya 19, na Misahafu ya Kazan ikasambaa mbali katika nchi za Kiislamu. Mji uliotekwa ili kuvunja dola ya Kiislamu ukageuka kuwa mmoja wa wachapaji wakubwa wa Kurani.

Vijijini ugomvi na ofisi ulizuka mara kwa mara, na kila mara karatasi ilikuwa katikati. Mwaka 1842 Wachuvashi na Wamari waliasi amri ya kulima mashamba ya pamoja, wakiamini wanaingizwa utwanani. Tarehe 12 Aprili 1861, wiki chache baada ya kutangazwa ukombozi wa watwana, maelfu walikusanyika katika kijiji cha Bezdna, wilaya ya Spassk, kumzunguka Anton Petrov, mkulima aliyejua kusoma kidogo. Petrov alikuwa amelipekua buku la sheria hadi kufika kwenye sampuli ya fomu ambapo sifuri ziliwekwa mahali pa kujazia idadi ya watu. Sifuri hizo, alisema, ndizo uhuru wa kweli ambao makabaila wanauficha. Jenerali Apraksin, mwenye jina la ukoo lilelile la gavana wa kwanza, aliamuru askari wafyatue risasi. Hesabu ya serikali ilifikia wafu 91. Petrov alipigwa risasi siku saba baadaye, na mwalimu wa chuo kikuu, Afanasy Shchapov, akakamatwa kwa hotuba aliyoitoa kwenye misa ya kuwaombea waliouawa.

Mwaka 1878 mambo yalijirudia upande wa Watatari. Gavana Nikolai Skaryatin alitoa maelekezo kwa viongozi wa vijiji yaliyotaja wajibu kuhusu makanisa bila kutofautisha vijiji vya Waislamu. Wakazi waliona ni ubatizo unaokuja kwa mlango wa nyuma, wakakataa kutia sahihi, na wakachapwa viboko. Skaryatin aliondolewa 1880 kufuatia ukaguzi wa seneta.

Baada ya 1865 mabaraza ya kuchaguliwa, yaliyoitwa zemstvo, yalichukua barabara, shule na zahanati, na hapa gubernia ilipata faida ya kweli ingawa kura ziliwapendelea wenye ardhi. Upande wa shule, Nikolai Ilminsky alianza miaka ya 1860 kufundisha Watatari waliobatizwa kwa lugha yao kwa herufi za Kirusi, akiamini imani haishiki kwa lugha ya kigeni. Lengo lilikuwa la kanisa. Matokeo yake mengine yalikuwa walimu na vitabu vya Kichuvashi na Kimari. Tangu 1889 serikali iliwaweka wakulima tena chini ya makabaila walioteuliwa kuwa wasimamizi wa vijiji, na njaa ya 1891 hadi 1892, iliyoipiga Kazan vibaya, ilionyesha mfumo huo ulikuwa na macho mengi ya kutazama na mikono michache ya kusaidia.

Amri ya 1905 iliruhusu mtu kuacha kanisa la Orthodoksi, na maelfu ya Watatari waliohesabiwa Wakristo wakarudi rasmi katika Uislamu. Mapinduzi ya 1917 yalimwondoa gavana. Agosti 1918 majeshi ya wapinzani wa Wabolsheviki yaliuteka mji na kukuta humo akiba ya dhahabu ya Urusi; Jeshi Jekundu liliurudisha Septemba. Mwaka 1920 gubernia ilikatwa kwa lugha za watu wake: Jamhuri ya Kitatari ilitangazwa Mei, Mkoa wa Wachuvashi Juni, na Mkoa wa Wamari Novemba. Sviyazhsk, iliyowahi kuwa makao ya wilaya, ilipoteza hadhi ya mji baadaye, na katika miaka ya 1950 maji ya bwawa la Kuibyshev yakapanda yakaizunguka. Leo ni kijiji kisiwani.