AKIKI NYEKUNDU: NUNUA BILA KUPIGWA CHANGA LA MACHO

Msimu wa kahawa ukifika pesa inaanza kuonekana mifukoni, na wauza vito nao wanaongezeka, kuanzia Kayanga na Omurushaka mpaka Nkwenda na kule mpakani Murongo. Jamaa anatandika kitambaa chini, anapanga pete, hereni na shanga nyekundu, na kila kinachong'aa anakiita akiki. Nimeamua kuweka hapa mambo ya msingi ili mtu asitoe hela ya gunia zima la kahawa akaondoka na kipande cha chupa.

AKIKI NI NINI?

Akiki ni jiwe la jamii ya kwatzi, lenye chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ukitafuta mtandaoni utakuta Wazungu wana majina mawili: lenye mistari wanaliita agate, jekundu lisilo na mistari wanaliita carnelian. Sisi yote tunasema akiki. Wekundu wake unatokana na chuma, kitu kile kile kinachofanya udongo wetu uwe mwekundu.

Sasa shika hili kabla ya yote: akiki si jiwe adimu. Inachimbwa India, Brazil, Uruguay, Botswana, Madagaska na kwingineko. Jiwe la kawaida halina bei kubwa. Kinachopandisha bei ni kazi ya sonara na fedha au dhahabu iliyolishika. Kwa hiyo mtu akitaka bei ya mbuzi kwa pete moja iliyofungwa kwenye bati, hapo hakuna biashara, kuna utapeli.

HISTORIA KIDOGO

Akiki nyekundu ni mgeni wa siku nyingi Afrika Mashariki. Shanga zake kutoka Gujarat, India, zimefukuliwa Kilwa na miji mingine ya kale ya pwani. Mafundi wa huko India walikuwa wanalipika jiwe la kahawia kwa moto mpaka linakuwa jekundu. Mreno Duarte Barbosa aliandika habari hizo mwanzoni mwa karne ya 16. Yaani kupika akiki si ujanja wa juzi.

Huku bara shanga nyekundu nyingi zilikuwa kioo. Burton, aliyesafiri kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika miaka ya 1857 hadi 1859, alitaja ushanga mwekundu ulioitwa samesame, ambao watu waliupenda hadi wakatoa chakula chao kuupata. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika hapa Karagwe mwaka 1861, shanga ndizo zilikuwa pesa ya safari. Hakuna aliyedanganywa: ushanga wa kioo ulijulikana kuwa ushanga. Ubaya wa leo ni kioo kuuzwa kwa jina la jiwe.

UTAKAVYOUZIWA

1. Kioo chekundu. Ndiyo feki ya kawaida.
2. Plastiki. Nyepesi, inachubuka upesi.
3. Akiki iliyotiwa rangi. Jiwe ni la kweli, wekundu ni wa dukani.
4. Akiki iliyopikwa. Ni jiwe halali, na hata mtaalamu hupata tabu kuitofautisha na isiyopikwa. Usikubali kuongezwa bei kwa maneno ya "hii haijaguswa moto" bila ushahidi.
5. Akiki halisi inayouzwa kama rubi. Hapa ndipo watu wanalia, maana rubi ni ghali kweli na Tanzania inayo, kwa mfano Longido na Winza.

MAZINGAOMBWE YA WAUZAJI

Muuzaji atakwambia, "Ishike mdogo wangu, ona ilivyo baridi." Sawa, lakini kioo nacho ni baridi. Ubaridi unaikamata plastiki tu. Hata uzito ni hivyo hivyo, kioo na akiki vinakaribiana sana.

Mwingine anazungusha uzi au unywele kwenye jiwe, anawasha kiberiti, uzi hauungui, watu wanapiga makofi. Uzi uliobanwa kwenye kitu kigumu kinachonyonya joto hauungui upesi, hata kikiwa kioo au chuma. Usitoe hela kwa sababu ya kiberiti.

VIPIMO UNAVYOWEZA KUFANYA MWENYEWE

Kwanza, mwanga. Washa tochi ya simu nyuma ya jiwe. Ukiona vipovu vya duara ndani, hicho ni kioo. Akiki huwa na ukungu, mawingu au matabaka, haiwi nyekundu sawasawa kama soda. Ukipata lenzi hata ya maabara ya shule ni bora zaidi.

Pili, tundu na nyufa. Kwenye shanga, chungulia pale uzi unapopita. Wekundu ukiwa umejikusanya kwenye tundu na kwenye nyufa kuliko kwingine, jiwe limetiwa rangi.

Tatu, pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Futa sehemu ya nyuma. Pamba ikiwa nyekundu, rangi ni ya bandia. Isipotoka usishangilie bado, maana kuna rangi zinazoingia mpaka ndani na hazifutiki.

Nne, ugumu. Kwa kipimo cha Mohs, akiki ina 6.5 mpaka 7, kioo cha kawaida kama 5.5, rubi ina 9. Omba ruhusa, sugua ukingo wa nyuma wa jiwe kwenye chupa tupu. Akiki inaacha mkwaruzo usiofutika kwa kidole, kioo kwa kioo mara nyingi kinateleza. Muuzaji akikataa huna haja ya kugombana naye, nenda kwa mwingine.

Kipimo kimoja hakitoshi. Fanya viwili au vitatu.

USISAHAU NA HAYA

Omba risiti, na iandikwe "akiki", si "pete" tu. Hana mashine ya risiti? Aandike kwenye karatasi jina, simu, bei na neno akiki. Tapeli hapendi kalamu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, lakini bila karatasi utaanzia wapi?

Kama anataka mamilioni, akupe cheti cha maabara. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania. Kwa pete ya bei ndogo safari hiyo hailipi, tumia tochi yako.

Ukiambiwa "hili limechimbwa hapa hapa Kyerwa", kumbuka Kyerwa inajulikana kwa bati. Na jiwe ghafi usilinunue kichochoroni: Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka leseni kwa biashara ya madini, na tangu 2019 serikali imeanzisha masoko maalumu ya madini. Unaweza kupoteza hela na ukalala kituoni.

Mwisho, wapo wanaoiuza kama dawa ya presha au kinga ya kurogwa. Mwenye imani yake aivae kwa imani yake, ila mzazi mwenye presha apelekwe zahanati. Hela ya vidonge isigeuzwe pete.

Akiki ni nzuri, mimi mwenyewe naipenda. Inunue kwa sababu imekupendeza, kwa bei ambayo hata ikija kugundulika ni ya kupikwa hutakosa usingizi.

Kama kuna mdau anajua kipimo kingine, amwage hapo chini wengine wafaidike. Nawasilisha.