Kuzamia na mtungi: hatari kubwa iko kwenye kupanda, siyo kushuka

Watu wengi wakienda kuzamia Mnemba, Mafia au Watamu wanaogopa papa. Cha kuogopa zaidi ni wewe mwenyewe kupata woga ukiwa chini, ukabana pumzi na kukimbilia juu.

Iko hivi. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Ukijaza mapafu ukiwa mita 10, ukabana pumzi na kupanda, hewa ile ile inataka nafasi mara mbili. Nafasi hiyo haipo, mapafu yanachanika. Yanaweza kuchanika hata kwenye bwawa la kuogelea. Kwa hiyo pumua muda wote, na kifaa cha kupumulia kikikutoka mdomoni, toa vipovu kidogo kidogo mpaka ukirudishe.

Kitu cha pili ni naitrojeni. Mtungi wa kawaida hauna oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Ni hewa hii hii tunayovuta, na karibu asilimia 78 yake ni naitrojeni. Ukiwa chini inayeyuka kwenye damu na nyama. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi. Ukipanda mbio inafanya vipovu mwilini, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Hapo ndipo yanakuja maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza.

Tanzania imepiga marufuku uvuvi wa mitungi, lakini wapo wanaoendelea kwa siri, na hawa ndio walio hatarini zaidi kwa sababu wengi hawajafundishwa. Ukisikia kijana ametoka majini akapooza miguu, kabla ya kusingizia jini la bahari uliza alishuka kina gani, alikaa muda gani na alipandaje. Mlaze chali, apewe oksijeni safi, na awahishwe hospitali. Tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo. Msimrudishe majini eti apone.

Mwendo wa kupanda usizidi mita 9 kwa dakika. Ukifika mita 5 simama dakika 3. Na anza safari ya kurudi mapema, ufike juu geji ikiwa bado inasoma 50.

Ndege je? Umezamia mara moja, subiri angalau saa 12. Umezamia mara kadhaa au siku kadhaa, saa 18. Hapa wengi wanajisahau: kutoka Diani asubuhi ukapanda treni ya jioni kwenda Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600. Mwili haujali kama umepanda kwa ndege au kwa reli.

Masikio ni rahisi. Bana pua, puliza taratibu kila unaposhuka kidogo, kabla hayajaanza kuuma. Una mafua? Ahirisha.

Kama una vifaa vyako, adui ni chumvi. Suuza kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Kifaa cha kupumulia kina kifuniko kidogo upande wa mtungi: kikaushe, kifunge vizuri ndipo uloweke, na usibonyeze kile kitufe cha mbele kikiwa ndani ya maji, maana maji yataingia mpaka kwenye mpira. Koti la kuelea litie maji ndani, litikise, lamwage. Anika kivulini, jua la pwani linakausha mipira mpaka inapasuka. Mtungi usiuache mtupu kabisa, acha hewa kidogo ili unyevu usiingie na kuleta kutu. Fundi akague kifaa cha kupumulia kila mwaka, hata kama umekitumia mara mbili tu.