"Sir": filamu ya Kihindi kuhusu mfanyakazi wa ndani
Wengi wetu tumezoea filamu za Kihindi zenye mapigano marefu. "Sir", ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Rohena Gera, ni ya utulivu.

Ratna, anayeigizwa na Tillotama Shome, ni mjane aliyetoka kijijini kwenda Mumbai kufanya kazi za ndani. Kijijini kwao mjane havai bangili. Akielekea mjini anazivaa. Mshahara wake unamsomesha mdogo wake wa kike. Yeye mwenyewe anatamani kuwa mbunifu wa mavazi, anaomba ruhusa ya kwenda kujifunza kushona, kumbe fundi anamfagilisha tu.

Bosi wake, Ashwin, si mkali. Kwetu hapo ndipo filamu inapouma: hata kwa bosi mpole, Ratna anakula ameketi sakafuni jikoni, na anamwita "Sir", yaani bwana. Mapenzi yanapoanza kuchipua, Ratna ndiye anayeogopa, kwani watu wakijua, atakayechekwa na kukosa kazi ni yeye.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Cannes, Ufaransa. Mkiipata, sikilizeni anavyomwita bosi wake, hadi neno la mwisho kabisa.