Helikopta na Ghala Lake

Sisi wa Karagwe hatuna ufuko wa Ziwa Victoria. Tuna Mto Kagera, vilima na migomba. Hata hivyo, Mei 21, 1996, wakati Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, msiba wa ziwa ulitufikia huku huku vilimani. Wengi wetu tulipokwenda Mwanza tulishuka kwa basi hadi Bukoba, ndipo tukapanda meli. Asubuhi hiyo MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800.

Kinachouma mpaka leo ni kwamba haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu, na walio hai ndani walisikika wakigonga. Likatobolewa tundu ili watolewe; hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikaenda chini. Wapiga mbizi wa Afrika Kusini walipokuja, kazi ilikuwa ya kutafuta maiti.

Tangu hapo, kila ajali ikitokea majini huulizwa: helikopta ya uokoaji iko wapi? Ni swali la haki. Novemba 29, 1945, huko Connecticut, Marekani, helikopta ya Sikorsky iliwanyanyua kwa winchi watu wawili kutoka kwenye tishari lililokuwa likipigwa na dhoruba. Kwa hiyo kazi hii si ngeni duniani. Na ingawa helikopta haiwezi kukata bamba la meli, ingeweza kuwafikisha mapema wanaojua kulikata.

Lakini helikopta hainunuliwi kama jembe. Lori la kahawa likipungukiwa boliti moja ya tairi, dereva mwenye bahati hujikongoja nalo mpaka Omurushaka akatafute fundi. Angani hakuna pa kuegesha. Vipuri vingi vya helikopta vimehesabiwa saa za kuruka. Zikiisha hutolewa, hata kama vinang'aa.

Tazama S-92, aina ambayo nchi kadhaa huitumia kuokoa watu baharini. Machi 12, 2009, moja iliyobeba wafanyakazi wa visima vya mafuta ilianguka baharini mashariki mwa Canada. Boliti za titani zilizoshika chujio la oili ya giaboksi zilikuwa zimekatika, oili ikamwagika. Januari ya mwaka huo huo mtengenezaji alikuwa ameagiza ziwekwe za chuma, akatoa muda wa mwaka mmoja au saa 1,250 za kuruka. Muda haukuwa umeisha. Kati ya watu 18, alipona mmoja.

Basi anayetuahidi helikopta atuambie kwanza bei ya ghala lake, mishahara ya mafundi wake, na itakayoruka siku ile nyingine imefunguliwa karakanani. Moja peke yake ni pambo la gwaride.

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilitumbukia ziwani, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikufa 19. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi, kwa mitumbwi yao, na baadaye wananchi waliivuta kwa kamba. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza ziende hapo ufukweni: boti ziendazo kasi, vifaa vya kukatia mabati, na wapiga mbizi wanaolala Bukoba na Kemondo, si wa kuagizwa kutoka mbali.