Mvua ya Mawe Ndani ya Bilauri

Katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, miaka ya 1850, wateja wa hoteli kubwa walimjua kwa jina mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Aliitwa John Dabney, na alikuwa mtumwa. Bibi aliyemmiliki alimkodisha kwa wenye hoteli, naye akaruhusiwa kubaki na sehemu ya alichochuma. Kinywaji kilichompa sifa kiliitwa julep: pombe kali, sukari, nanaa mbichi, na barafu iliyopondwa ikarundikwa hadi kuvuka ukingo wa kikombe. Ile ya mkono wake watu waliipa jina la mvua ya mawe.

Anayeponda nanaa na limau jikoni kwake leo, kisha akamimina wiski juu yake, anafuata kazi ya watu kama Dabney, ajue asijue. Kinywaji hicho cha nyumbani huitwa smash, yaani kilichopondwa, na ni mtoto wa julep.

Jina julep halikuzaliwa Marekani. Wajemi waliyaita maji ya waridi gulab: gul ni ua la waridi, ab ni maji. Waarabu wakalitamka julab. Lilipofika Ulaya likawa jina la shira tamu ya kutelezeshea dawa chungu kooni. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataitambua njia hiyo, maana maneno yake mwenyewe yalipita humo humo: nanaa na sukari yalimfikia kupitia Kiarabu, na barafu ina asili ya Kiajemi.

Huko Virginia dawa iligeuka kuwa burudani. Mwaka 1803 msafiri Mwingereza, John Davis, alichapisha mjini London kitabu cha safari zake Marekani, na humo akaeleza julep kuwa ni pombe kali iliyotiwa nanaa, ambayo watu wa Virginia waliinywa asubuhi. Barafu hakuitaja.

Barafu ililetwa na ubishi wa mfanyabiashara mmoja wa Boston. Frederic Tudor alipopakia barafu ya ziwani melini mwaka 1806 kuipeleka kisiwa cha Martinique, watu wa mji wake walimcheka, na safari hiyo ilimtia hasara. Hakuacha. Alijifunza kuifunika kwa vumbi la mbao lililotupwa na viwanda vya kupasulia magogo, na mwaka 1833 meli ya Tuscany iliondoka Boston na tani 180 za barafu yake kwenda Calcutta, India. Baada ya miezi minne baharini, tani kama 100 zilikuwa bado ngumu. Biashara hiyo ilishusha bei, na kinywaji baridi wakati wa joto kikatoka kwenye nyumba za matajiri kikaingia baa za mijini. Hapo ndipo kaunta ya Dabney ilipopata mawe yake.

Akiba yake Dabney aliitumia kwanza kumkomboa mkewe, Elizabeth. Kisha akaanza kulipa kidogo kidogo bei ya uhuru wake mwenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, hakuna sheria iliyomdai hata senti, lakini Dabney alimalizia deni lile. Inauma kusoma habari ya mtu aliyelipia mwili wake mwenyewe kwa fedha za kuponda barafu. Wazungu wa Richmond walimsifu kwa uaminifu wake; yeye aliendelea na kazi ya mapishi na kuhudumia karamu hadi alipofariki mwaka 1900. Mwanawe, Wendell Dabney, alianzisha gazeti mjini Cincinnati mwaka 1907 na kulitumia kutetea haki za watu weusi.

Mapishi ya smash yaliingia kitabuni mwaka 1862, Jerry Thomas, mchanganyaji vinywaji maarufu, alipochapisha mjini New York mwongozo wa kwanza wa aina yake Marekani. Kwake smash ni julep iliyofanywa ndogo. Aliandika smash ya brandi, ya jini na ya wiski. Brandi ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa na hadhi siku zile, lakini miaka michache baadaye mdudu aitwaye filoksera alishambulia mizizi ya mizabibu ya Wafaransa na kuangamiza mashamba mengi. Brandi ikaadimika, wiski ikashika nafasi.

Iliyoifaa kazi hiyo zaidi ni burboni, wiski ambayo kwa sheria ya Marekani angalau asilimia 51 ya nafaka zake ni mahindi, na hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Mbao hizo zilizounguzwa huipa utamu unaokumbusha vanila na sukari ya kuungua, na nanaa hukaa vizuri juu yake. Katika upishi wa wiski pia mikono myeusi ilikuwepo. Huko Lynchburg, Tennessee, Nathan Green, mwenye jina la utani Nearest, aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyemfundisha kijana Jack Daniel kazi ya mtambo. Kampuni yenye jina la kijana huyo ilianza kumtambua hadharani katika miaka ya 2010.

Limau lilikuwa wapi muda wote huo? Lilikuja kwa njia nyingine, ya mabaharia na ponchi yao. Jina la ponchi, mchanganyiko wa pombe, maji ya malimau, sukari, maji na viungo, limo katika barua ya mtu wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ya mwaka 1632. Hata hivyo, wiski smash ya Thomas haikuwa na maji ya limau. Aliyelileta ni Dale DeGroff, aliyeongoza baa ya Rainbow Room mjini New York kuanzia miaka ya 1980. Yeye huponda vipande vya limau pamoja na maganda yake, ili mafuta ya ganda yatoke na maji. Smash hiyo mpya ilisafiri: mwaka 2008 Jörg Meyer wa baa ya Le Lion, Hamburg, alibadilisha wiski kwa jini na nanaa kwa majani ya rehani ya Kizungu, na kinywaji chake kikajulikana dunia nzima.

Nyumbani, shira ikishapoa, kazi haichukui dakika kumi. Shira hupatikana kwa kukoroga sukari na maji ya moto kwa vipimo sawa, kisha kuipoza. Nusu limau hukatwa vipande vinne na kupondwa kwa nguvu ndani ya chupa pana ya jemu pamoja na mililita 20 za shira. Majani manane ya nanaa hufuata, nayo hubanwa taratibu tu. Yakisagwa hutoa uchungu. Hutiwa mililita 60 za wiski na vipande vya barafu, kifuniko kikafungwa, chupa ikatikiswa hadi iumize viganja kwa baridi. Asiyetumia pombe huacha wiski na kuongeza soda isiyo na sukari baada ya kutikisa.

Barafu nyingine hufungwa katika kitambaa safi na kutwangwa kwa mchi, ikajazwa kwenye bilauri, na mchanganyiko ukamiminwa juu yake kupitia chujio la chai. Bilauri huongezewa barafu hadi ivuke ukingo, kama alivyofanya Dabney. Mwisho, shina la nanaa hupigwa mara moja kati ya viganja na kuchomekwa pembeni, ili harufu yake imfikie mnywaji kabla ya tone la kwanza.