Sarafu ya Kumbukumbu na Thamani Zake Tatu

Mwaka 1936 Marekani ilipiga sarafu za nusu dola kuadhimisha miaka 50 ya mji wa Cincinnati kuwa kitovu cha muziki. Upande mmoja uliwekwa sura ya Stephen Foster, mtunzi wa nyimbo aliyewahi kuishi mjini humo. Lakini hapakuwa na tukio la mwaka 1886 ambalo mtu angeweza kulitaja kuwa ndio mwanzo wa hiyo miaka 50, na Foster mwenyewe alifariki mwaka 1864. Aliyelisukuma jambo hilo ni Thomas Melish, mfanyabiashara aliyekuwa pia mkusanyaji wa sarafu. Zilipigwa seti zipatazo 5,000 tu, kila seti ikiwa na sarafu tatu kutoka viwanda vitatu: Philadelphia, Denver na San Francisco. Maandishi juu ya sarafu hizo tatu yalijumlisha dola moja na nusu. Bei ya kuuzia seti ilikuwa dola 7.75. Haukupita muda, seti hiyohiyo ikawa inauzwa kwa zaidi ya dola 40.

Sarafu za aina hiyo kwa Kiswahili tunaziita sarafu za kumbukumbu. Ni sarafu inayotolewa na mamlaka ya nchi, kwa kawaida benki kuu au hazina, ikiwa na thamani yake iliyoandikwa, na ikipigwa kwa heshima ya tukio, mtu au jambo fulani. Wengine husema sarafu ya ukumbusho. Maneno yote mawili yamezaliwa na kitenzi kumbuka, na mtu akiyabadilishana haeleweki vibaya. Hata hivyo naona faida ya kuyagawia kazi. Kumbukumbu ni neno la mambo rasmi: tuna kumbukumbu za mkutano, siku ya kumbukumbu ya mashujaa, kumbukumbu za taifa. Ukumbusho tumeuzoea zaidi kwenye zawadi na minara. Basi kile kipande cha madini kinachotengenezwa na kampuni binafsi, hakina thamani ya fedha iliyoandikwa, na kinauzwa kwenye kisanduku cha mahameli, kiitwe medali ya ukumbusho. Kile kilichotolewa na dola kibaki na jina la sarafu ya kumbukumbu. Kugawa hivyo kunamlinda mnunuzi, kwa sababu wauzaji wengi wa medali hupenda kuziita sarafu.

Jina peke yake halitoshi, maana ugomvi wote wa mkusanyaji na mchuuzi umejificha ndani ya neno jingine: thamani. Sarafu ya kumbukumbu ina thamani tatu, na mara nyingi Kiswahili chetu cha kila siku huzichanganya zote chini ya neno hilo moja.

Ya kwanza ni thamani iliyoandikwa, yaani kiasi kinachosomeka juu ya sarafu. Ya pili ni thamani ya madini, yaani bei ya dhahabu, fedha au shaba iliyomo endapo sarafu ingeyeyushwa. Ya tatu ni thamani ya mkusanyaji, yaani kile ambacho mtu anayeitamani yuko tayari kulipa juu ya hizo mbili. Wataalamu wa numismatiki, elimu ya sarafu, huiita pia thamani ya kinumismatiki. Mimi nachagua thamani ya mkusanyaji, kwa sababu inataja wazi thamani hiyo inakaa wapi: imo katika hamu ya watu. Hamu ikipungua, nayo hupungua, hata kama sarafu yenyewe haijapata mkwaruzo.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwaka 1974 Tanzania ilishiriki katika mfululizo wa kimataifa wa sarafu za uhifadhi wa wanyamapori. Zilitoka sarafu mbili za fedha, ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye kifaru, pamoja na sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Ile ya dhahabu ina uzito wa gramu 33.437, na sehemu 900 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi. Thamani yake iliyoandikwa, shilingi 1,500, leo ni nauli ya daladala ya safari mbili hivi. Thamani yake ya madini, gramu 30 za dhahabu, kwa bei za miaka hii ni zaidi ya dola 2,000 za Marekani. Thamani ya mkusanyaji inapanda juu ya hapo kutegemea hali ya sarafu na idadi ya wanaoitafuta. Mtu akikuuliza sarafu hiyo ina thamani gani, usimjibu kabla hujamuuliza anataka ipi.

Sasa linganisha na shilingi 40 ya Kenya ya mwaka 2003. Ilitolewa kwa miaka 40 ya uhuru, ikiwa na sura ya Rais Mwai Kibaki, madini ya rangi mbili, na iliingia mikononi mwa watu kama sarafu nyingine yoyote. Uganda nayo ilitoa shilingi 1,000 mwaka 2012 kwa miaka 50 ya uhuru. Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mtu anaipata kwenye chenji, anaigeuza, anaamua kubaki nayo. Hakutoa hata senti ya ziada, na siku akikwama anaweza kuitumia dukani. Madini yake ni ya kawaida na bei yake kwa wakusanyaji si ya kutajirisha mtu, lakini historia ya nchi imepita mfukoni mwake bila kumtoza ada. Kwa upande mwingine zipo zilizopigwa tangu mwanzo kwa ajili ya wakusanyaji tu: dhahabu za Kenya za mwaka 1966 za shilingi 100, 250 na 500, zilizoadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta, au mfululizo wa Uganda wa fedha na dhahabu wa mwaka 1969, Papa Paulo VI alipozuru nchi hiyo. Mkulima wa Masaka aliyesimama barabarani kumpungia Papa hakuwa mnunuzi aliyekusudiwa kwa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,000.

Hapo inaingia istilahi nyingine, fedha halali. Sarafu ya kumbukumbu huwa ni fedha halali, na wauzaji hulitaja hilo kwa herufi kubwa. Wanunuzi wengi huelewa kwamba duka au benki italazimika kuipokea. Uingereza ilipata somo lake. Kuanzia mwaka 2013 Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha nchi hiyo, iliuza sarafu za fedha za pauni 20 kwa pauni 20, na baadaye za pauni 100 kwa pauni 100. Watu wakazipeleka benki, na mabenki yakakataa. Sarafu zilikuwa halali kisheria, ila hazikukusudiwa kuzunguka, na uhalali huo una maana finyu inayohusu ulipaji wa deni. Madini yaliyokuwa ndani hayakufikia bei iliyolipwa. Aliyeipenda picha alibaki na picha yake. Aliyetaka tu kuweka akiba salama alibaki na kitu kigumu kukiuza bila hasara.

Kuna neno letu linalofaa sana kwa kisa cha Cincinnati: ulanguzi. Watanzania waliokuwa na akili zao mwaka 1983 wanalijua vizuri tangu msako wa walanguzi. Mlanguzi hununua kwa wingi bidhaa adimu, au huifanya iwe adimu, kisha huipandisha bei. Uwekezaji ni kitu kingine, na biashara halali ya sarafu ni kitu kingine pia. Muuza sarafu mwaminifu anatafuta, anatambua, anasafiri, anabeba dhamana ya kuwa sarafu si bandia, na anastahili faida yake. Seti za Cincinnati zilikuwa ulanguzi: uadimu ulipangwa kabla ya sarafu ya kwanza kupigwa. Sarafu nyingi za nusu dola za miaka hiyo zilikwenda vivyo hivyo, hadi Bunge la Marekani likaingilia kati mwaka 1939 na kufunga mlango kwa matoleo yaliyokuwa yakirudiwarudiwa mwaka baada ya mwaka. Baada ya mwaka 1954 nchi hiyo haikutoa tena sarafu ya kumbukumbu hadi 1982.

Hata pasipo walanguzi, hesabu ya faida ni ngumu. Nusu dola ya Columbus, sarafu ya kwanza ya kumbukumbu ya Marekani, iliuzwa kwa dola moja kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893. Kampuni iliyotengeneza mashine za chapa za Remington ililipa dola 10,000 kwa ile ya kwanza kabisa, na magazeti yakalieneza jambo hilo. Zikapigwa zaidi ya milioni nne kwa mwaka 1893 peke yake. Wanunuzi hawakufika idadi hiyo. Zaidi ya milioni mbili ziliyeyushwa, na nyingine nyingi ziliachiwa sokoni kwa senti 50, thamani yake iliyoandikwa. Aliyelipa dola moja akitarajia faida aliikuta sarafu ileile kwenye chenji ya duka kwa nusu ya bei.

Uadimu wa kweli kwa kawaida hutokea bila kutangazwa. Mwaka 1916 Wajerumani, waliozingirwa na vita na kukosa fedha kutoka kwao, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zina picha ya tembo. Zilipigwa 16,198 tu. Hakuna aliyezipiga kwa kumbukumbu ya chochote. Zilihitajika kwa malipo. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazitafuta, na bei zake huzidi sana dhahabu iliyomo. Ndiyo maana mtu anayejaza sanduku kwa matoleo mapya yaliyoandikwa kwenye cheti kuwa ni toleo maalumu lenye idadi ndogo anapaswa kujiuliza: idadi ndogo kwa kulinganisha na nini? Nakala 5,000 zikiwa na watu 300 wanaozitaka, ni nyingi mno.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kukusanya kwa kupenda ni jambo la heshima na halihitaji kisingizio cha uwekezaji. Mtu anayenunua sarafu ya twiga kwa sababu anampenda twiga, au kwa sababu ilitolewa mwaka aliozaliwa binti yake, ameshapata alichokilipia siku hiyohiyo. Aitunze tu vizuri: aishike kwa ukingo, asiisugue kwa ndimu wala majivu, kwa kuwa kung'arishwa huko huua thamani ya mkusanyaji na hakurudishiki. Anayenunua ili auze ajue kwamba amejiunga na biashara, na biashara hiyo inadai ujuzi wa bei ya madini, idadi iliyopigwa, hali ya sarafu na mahali wanunuzi walipo. Asiyekuwa na ujuzi huo anamfaidisha aliyemuuzia.

Ninaomba waandishi wa habari na wachapishaji wa kamusi wayatumie maneno haya matatu bila kuyachanganya: thamani iliyoandikwa, thamani ya madini, thamani ya mkusanyaji. Nawe msomaji, ukiambiwa sarafu fulani itapanda thamani, mtake muuzaji akutajie ni ipi kati ya hizo tatu kabla hujatoa hela yako.