Mkweme Una Majina Mangapi? Barua za Wanabotania na Umiliki wa Jina, 1824–1837

1.0 Utangulizi

Mkulima wa Ndalu, baina ya Kitale na Bungoma, anapotoka shambani na fungu la mgagani mkononi, huwa amebeba majina kadha wa kadha. Jirani yake Mbukusu huiita mboga hiyo chisaka, na jirani Mkalenjin huiita saget. Mwanawe aliye katika shule ya sekondari atakumbuka Cleome gynandra, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Majina haya hayana hadhi sawa. Lile la mwisho ndilo linaloulizwa mtihanini, na ndilo linaloandikwa kwenye kielelezo cha mmea uliokaushwa. Mengine hubaki jikoni na sokoni, na huzikwa pamoja na wazee wanaoyajua.

Makala haya yanauliza jinsi jina la kitaalamu lilivyokuwa likipatikana, na katika kupatikana kwake ni nani alitajwa na ni nani aliachwa. Ili tusiliendee swali hili kijumlajumla, tumechagua kisa kimoja, nacho ni kisa cha mkweme, mtambaazi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, ambao katika kipindi cha takribani miaka miwili tu, 1826 na 1827, ulipewa majina matatu huko Ulaya. Majina hayo yalitokana na mawasiliano ya wanabotania waliotawanyika Morisi, London, Glasgow na Montpellier.

Huenda msomaji akahoji kwa nini idara ya fasihi ishughulike na suala ambalo ni mali ya idara ya botania. Jibu letu ni kwamba barua ni matini, na matini ina msemaji, msemewa na wasiosemeshwa. Jina la mmea nalo ni matini, tena fupi kuliko zote, lakini historia iliyofumbatwa ndani yake ni ndefu.

2.0 Mtandao wa Barua

Katika miaka ya 1820 safari ya baharini kutoka Bahari ya Hindi hadi Uingereza ilichukua miezi kadhaa kwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mmea hai ulipakiwa sitahani, ukapigwa na chumvi, ukanyimwa maji matamu, na aghalabu ukafa kabla ya kuiona bandari. Sanduku la vioo la Nathaniel Ward, ambalo baadaye liliwezesha miche kusafirishwa ikiwa hai, lilijaribiwa kwa safari ndefu mwaka 1833. Kabla ya hapo mtaalamu wa Ulaya alitegemea vitu vinne: mbegu, kielelezo kilichokaushwa, mchoro na barua. Kati ya hivyo barua ndiyo iliyovifanya vile vitatu vingine viwe na maana. Mbegu isiyo na maelezo ni punje tu. Barua ndiyo iliyoeleza kwamba mmea uliota wapi, ulipanda juu ya nini, ua lake lilikuwa na rangi gani kabla halijanyauka, na watu wa huko waliutumiaje.

Kwa upande wa mwambao wetu kitovu cha mtandao huu kilikuwa Morisi, kisiwa kilichotwaliwa na Waingereza kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810. Watu wawili wanahusika hasa. Wa kwanza ni Charles Telfair, mzaliwa wa Belfast na daktari wa jeshi la majini, ambaye alifika kisiwani mwaka huohuo wa 1810, akawa karani wa Gavana Farquhar, kisha mmiliki wa shamba la miwa la Bel Ombre. Mkewe, Annabella, alikuwa mchoraji hodari wa mimea, na michoro yake ilichapishwa katika jarida la Curtis's Botanical Magazine. Wa pili ni Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia, aliyefika Morisi kama mkusanyaji wa mimea. Alisafiri hadi Bukini mwaka 1822 pamoja na mwenzake Hilsenberg, na mwaka 1824 akaja pwani ya Afrika, akakusanya mimea Unguja, Pemba na Mombasa.

Upande wa pili wa bahari alikuwapo William Jackson Hooker, profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Glasgow tangu 1820 na mhariri wa jarida hilo la Curtis tangu 1827. Hooker hakuwahi kuiona pwani ya Waswahili. Aliijua kwa barua. Maelfu ya barua alizopokea katika maisha yake zimehifadhiwa katika bustani ya Kew, ambako alikuwa mkurugenzi kuanzia 1841.

Tukiutazama mtandao huu kwa jicho la mhakiki, tunaona kwamba ulikuwa na uchumi wake. Aliyekuwa ng'ambo alitoa mbegu na maelezo. Aliyekuwa Ulaya alitoa jina na uchapishaji. Malipo hayakuwa fedha bali heshima ya kutajwa. Ndiyo maana mimea mingi ya wakati huo ina majina ya watu ambao hawakuipanda wala kuila. Mti wa Bukini ambao Bojer na Hooker waliuita Colvillea mwaka 1834 ulipata jina hilo kwa ajili ya Sir Charles Colville, aliyekuwa gavana wa Morisi. Jina lilikuwa shukrani, na pengine ombi la fadhila zaidi.

3.0 Mmea Mmoja, Majina Matatu

Mkweme ni mmea wa jamii ya maboga. Hutambaa na kupanda juu ya miti mirefu, hata kufikia mita 30. Tunda lake huweza kuzidi kilo 10, na ndani yake mna mbegu bapa nyingi, yaani kweme, zenye mafuta mengi. Kweme huliwa zikiwa mbichi au zimekaangwa, hukamuliwa mafuta, na katika sehemu za kaskazini mashariki ya Tanzania hupewa mama anayenyonyesha. Mmea wa kiume na wa kike ni mbalimbali, na mkulima hawezi kuutambua ulio wa kike mpaka utoe maua. Kwa hiyo anayetaka mavuno hupanda mbegu kadhaa na kusubiri. Maarifa haya hayapatikani kwa kuangalia jani lililokaushwa.

Mmea huu ulipojulikana Ulaya, mwaka 1826 mhariri aliyemtangulia Hooker, John Sims, aliuchapisha kwa jina la Fevillea pedata, akifuata rai ya James Edward Smith, mwasisi wa Chama cha Linnaeus cha London. Neno pedata lilihusu umbo la jani, lililogawanyika mfano wa unyayo wa ndege. Jenasi ya Fevillea, hata hivyo, ilikuwa ya Amerika, nayo ilibeba jina la mtawa wa Kifaransa, Louis Feuillée. Kwa maneno mengine, mmea wa Afrika ulilazwa katika kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mwingine.

Mwaka 1827 makosa hayo yalisahihishwa mara mbili, mahali pawili. Hooker aliutenga mmea huo katika jenasi mpya, Telfairia, kwa heshima ya Telfair. Naye Alire Raffeneau-Delile wa Montpellier, mtaalamu aliyewahi kufuatana na jeshi la Napoleon nchini Misri, aliuchapisha kwa jina la Joliffia africana lililotokana na Bojer. Mtu anaweza kuuona hapa mgawanyiko wa Morisi yenyewe: koloni la Waingereza ambalo elimu na lugha yake vilikuwa bado vya Kifaransa. Njia moja ya barua ilielekea Uskoti, na nyingine ikaelekea kusini mwa Ufaransa.

Lililosalimika ni Telfairia pedata. Likiandikwa kikamilifu, hufuatwa na majina ya wenyewe kwa ufupisho: (Sm. ex Sims) Hook. Ufupisho huu unastahili kusomwa kama tunavyousoma mshororo wa shairi. Unatuambia kwamba Smith alipendekeza, Sims akachapisha, Hooker akahamisha. Neno dogo la Kilatini ex, lenye maana ya 'kutoka kwa', hukiri kwamba aliyechapisha hakuwa wa kwanza kufikiri. Bojer pia analo deni la namna hiyo katika majina mengi, likiwamo la Poinciana regia, mti wa maua mekundu wa Bukini ambao Hooker aliuchapisha mwaka 1829 na ambao leo huitwa Delonix regia. Kwa hiyo wanabotania hawakuwa wezi wa hivihivi. Walikuwa na kanuni kali ya kutambua mchango wa mwenzao. Tatizo ni kwamba neno 'mwenzao' lilikuwa na mipaka.

4.0 Wasiotajwa

Katika msururu ule wa majina hamna hata jina moja la mtu wa Unguja, Pemba au Mombasa. Hata hivyo, haielekei kwamba Bojer, mgeni wa 1824, angeweza peke yake kuyajua matumizi ya mimea aliyoiokota. Mtu alimwelekeza njia, mtu alimpandia mti, mtu alimwambia kwamba hizi huliwa na hizi haziliwi. Neno lenyewe, kweme, lilisafiri na mbegu, likaandikwa kwa tahajia za kigeni katika vitabu vya Ulaya. Neno liliruhusiwa kupanda jahazi. Msemaji wake aliachwa gatini.

Mombasa aliyofika Bojer haikuwa mahali pasipo kalamu. Mwezi Februari mwaka huohuo wa 1824 Kapteni Owen alikubali ombi la Wamazrui na kuuweka mji chini ya ulinzi wa Waingereza, ulinzi ambao ulikoma mwaka 1826. Wamazrui walikuwa na waandishi wao na barua zao kwa hati ya Kiarabu. Isitoshe, Muyaka bin Haji (1776–1840) alikuwa hai, naye akitunga. Wanabotania na washairi walikuwa katika mji mmoja, wakati mmoja, kila upande ukiandika. Anayedhani kwamba ukimya wa wenyeji katika kumbukumbu za botania ulitokana na kutojua kuandika hana budi kuliacha dai hilo.

Kuna ukimya mwingine mzito zaidi. Bel Ombre lilikuwa shamba la watumwa. Mwaka 1822 Mkataba wa Moresby ulikuwa umemfunga Sayyid Said asiruhusu watumwa kuuzwa kwa raia wa mataifa ya Kikristo, nao utumwa wenyewe haukukomeshwa Morisi hadi 1835. Watu wengi waliofanya kazi katika mashamba ya kisiwa hicho, au wazazi wao, walitolewa Bukini, Msumbiji na pwani yetu. Telfair mwenyewe alishambuliwa hadharani kwa jinsi watumwa walivyotendewa katika shamba lake, akachapisha kitabu cha kujitetea mwaka 1830. Bahari iliyoleta mbegu ndiyo iliyoleta watu. Haiwezekani kulisoma jina Telfairia kana kwamba ni la bustani tu.

Mary Louise Pratt, katika utafiti wake wa 1992 kuhusu maandishi ya wasafiri, ameonyesha jinsi elimu ya viumbe ilivyojionyesha kuwa haina hatia: mtaalamu hachukui ardhi, anaangalia maua tu. Tunakubaliana naye, ila tunaongeza jambo moja. Kutokuwa na hatia huko hakukuwa ndoto ya mtu binafsi tu. Kulijengwa na umbo lenyewe la barua, ambalo lilikuwa na mahali pa kutaja mwandikiwa, mfadhili na mchoraji, lakini halikuwa na mahali pa kumtaja mpanda mti.

5.0 Mfano wa Muyaka

Je, ingewezekana kuwa vinginevyo? Historia ya fasihi yetu inajibu kwamba ndiyo. Tungo za Muyaka zilitufikia kwa msururu unaofanana sana na ule wa mkweme. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo hizo kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor, baadaye William Hichens akazihariri, zikachapishwa mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka. Hapa pia pana mtu wa kwanza, mpokezi, mpelekaji na mchapishaji. Lakini jina la mtunzi limesimama juu ya kitabu, na jina la Mwalimu Sikujua linajulikana kwa kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Mhakiki anaweza kuuliza ni mkono gani ulioandika nini, akapata pa kuanzia.

Hatudai kwamba Taylor na Hichens walikuwa nje ya ukoloni. Hawakuwa nje yake. Tunachodai ni kwamba, ndani ya hali ileile, kumtaja mtoa maarifa kuliwezekana. Hivyo basi kumwacha kulikuwa ni uamuzi wa desturi, wala si sheria ya maumbile.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba jina Telfairia pedata ni muhtasari wa barua, urafiki, upinzani na uchumi wa mashamba ya miwa. Tumeona pia kwamba kanuni yake ya ex ni njema, isipokuwa iliishia mapema mno. Hatupendekezi jina hilo lifutwe. Mkulima wa Pare na mtaalamu wa Kew wanahitaji neno moja watakaloelewana kwalo, na neno hilo lipo.

Tunachopendekeza kinatuhusu sisi wenyewe. Wanafunzi wetu huandika tasnifu juu ya nyimbo, methali na majina ya mimea waliyoyapata vijijini, Ndalu ikiwamo. Mara nyingi mzee aliyewafundisha huishia kuwa 'msailiwa wa 3' katika kiambatisho. Pale ambapo msailiwa hakuomba kufichwa, na ameridhia kutajwa, atajwe kwa jina katika matini yenyewe, mahali palepale ambapo Hooker angemtaja Smith. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumeirithi barua ya Bojer pamoja na ukimya wake, na safari hii hatutaweza kusema kwamba walioachwa gatini hatukuijua lugha yao.